Ukuta Uliozidi Ujazo kwa Kupandishwa Ghorofani: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mji wa Kale, Mombasa

Kisa hiki kinahusu ukuta mmoja tu. Umo katika nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe nyuma ya Ndia Kuu, katika ghorofa ya juu, na unatenganisha ukumbi na chumba cha ndani. Urefu wake ni mita 7.20, kimo chake mita 3.20 na unene wake sentimita 50. Una mlango mmoja wenye upana wa mita 1.10 na kimo cha mita 2.20, na upande wake wa ndani una zidaka 20 (vishubaka vya ukutani) zilizopangwa safu mbili, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 40, kimo cha sentimita 60 na kina cha sentimita 20. Kabla ya ukarabati kuanza, watu wawili walituuliza maswali mawili kuhusu ukuta huo. Mhandisi alitaka ujazo wa mawe yake, ili akadirie uzito unaoukalia ukuta wa chini. Mwashi, mzee aliyezoea kuta za aina hii tangu ujana wake, alitaka eneo litakalopakwa plasta ya chokaa, kwa sababu saruji huufungia unyevu na chumvi ndani ya tumbawe, na yeye hakuwa tayari kuikubali hata kwenye kona isiyoonekana.

Hesabu ya ukuta mmoja ingeweza kufanywa kwa karatasi na kalamu, na mwishowe tuliifanya. Lakini nyumba nzima ina kuta nyingi, na hakuna mbili zinazolingana, kwa kuwa urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wa vyumba na kila chumba kikafuata boriti zilizopatikana. Kwa hiyo kijana mmoja wetu alitengeneza modeli ya nyumba katika Blender, programu huria ambayo inaweza kuamriwa kwa lugha ya Python, na maswali ya ujazo, eneo na unene yakaandikwa kama skripti ambayo ingeulizwa kwa kila ukuta. Ukuta huu uliteuliwa kuwa wa majaribio kwa sababu ndio wenye mambo mengi: una mlango, una zidaka, na hauko chini bali juu, sakafu yake ikiwa mita 3.50 kutoka sakafu ya chini.

Jibu la kwanza la ujazo lilikuwa mita za ujazo 11.52. Kijana aliliandika, akaendelea na kazi ya kuzipanga kuta mahali pake, na siku iliyofuata alipoendesha skripti ileile juu ya ukuta uleule alipata 15.72. Hakuna aliyekuwa amegusa umbo lake. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba ukuta, uliojengwa kwanza kwenye sakafu ya sifuri ya programu, ulikuwa umeinuliwa mita 3.50 hadi mahali pake halisi. Mzee aliposomewa namba zote mbili hakuuliza lolote kuhusu programu. Alisema, “Mwanangu, mawe hayazidi kwa kupandishwa ngazi. Rudi ukaiangalie hesabu yako.” Kijana akajibu, “Sawa, Mzee,” akarudi kwenye meza, na tukaanza kutafuta.

Ili kuelewa kilichotokea ni lazima kwanza kueleweka namna programu inavyopima ujazo. Haiujazi ukuta kitu ikakipima. Modeli ni ngozi tupu ya nyuso zilizoungana kwenye kingo na vipeo, na ndani yake hamna jiwe. Amri ya `calc_volume` huchukua kila uso, huugawa katika pembetatu, kisha huunganisha kila pembetatu na kitovu cha viwianishi, yaani ile nukta yenye sifuri tatu, ikapatikana piramidi nyembamba. Uso unaokipa kitovu mgongo huhesabiwa ujazo chanya, na uso unaokielekea huhesabiwa ujazo hasi. Piramidi zote zikijumlishwa, nafasi iliyopo kati ya kitovu na umbo huingia mara moja kwa chanya na mara moja kwa hasi, hujifuta, na kinachobaki ni ujazo wa umbo lenyewe. Ni njia ya werevu mkubwa, na haijali umbo liko wapi, mradi ngozi hiyo imefungika pande zote.

Ukuta wetu haukuwa umefungika. Hatukulijua hilo bado, lakini namna namba ilivyoyumba ilitosha kutuambia, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu ya kisa inayostahili kusomwa polepole. Tuliusogeza ukuta mita 10 kuelekea kaskazini, kisha mita 10 kuelekea mashariki, na kila mara ujazo ulibaki 15.72. Tulipouinua mita 10 zaidi, ujazo ulipanda hadi 27.72. Umbo lililofungika lisingebadilika kwa namna yoyote kati ya hizo tatu, kwa hiyo kulikuwa na tundu. Kwa kuwa mwendo wa kando haukubadilisha kitu, na mwendo wa juu ulibadilisha, uso uliokosekana ulikuwa umelala bapa. Kwa kuwa ujazo uliongezeka kila ukuta ulipopanda, kilichokosekana kilikuwa uso wa kutoa na si wa kuongeza, yaani uso unaotazama chini, kwenye kitovu. Na kwa kuwa piramidi ni theluthi ya kitako mara kimo, ongezeko la mita za ujazo 12 kwa mwinuko wa mita 10 lina maana kwamba eneo la uso huo ni mita za mraba 3.60. Mita 7.20 mara sentimita 50 ni 3.60 kamili. Kabla hatujaigeuza modeli kuitazama kwa chini, tulikuwa tumekwisha kujua kwamba kitako chote cha ukuta hakipo.

Tulipoigeuza, tulikuta hivyo. Kijana alikuwa amekifuta kitako mwanzoni kabisa, wakati modeli ilipokusudiwa kutoa picha tu za kumwonyesha mwenye nyumba, na katika picha hakuna anayeona chini ya ukuta. Kwa kazi ya picha hakukosea. Wengi hufuta nyuso zisizoonekana ili kuipunguzia kompyuta mzigo. Kosa lilizaliwa siku modeli ya kutazamwa ilipogeuzwa kuwa modeli ya kupimwa bila yeyote kuikagua upya.

Inafaa pia kuelezwa kwa nini jibu la siku ya kwanza lilikuwa 11.52, ambalo ndilo jibu sahihi la mche, yaani umbo la pande bapa kama sanduku, usio na mlango wala zidaka. Ukuta ulipokuwa kwenye sakafu ya sifuri, kitako kilichokosekana kilikuwa katika bapa lilelile la kitovu. Piramidi yake haina kimo, ujazo wake ni sifuri, na kukosekana kwake hakubadilishi kitu. Namba ilikuwa sawa kwa bahati ya mahali. Ulipopanda mita 3.50, piramidi iliyopaswa kutolewa ikawa na ujazo wa 3.60 mara 3.50 gawanya kwa 3, yaani 4.20, na haikutolewa. Kumi na moja nukta hamsini na mbili ukiongeza 4.20 unapata 15.72. Namba ya pili ilitushtua na ikatuokoa, ilhali ya kwanza, iliyokuwa imetoka kwenye modeli iliyotoboka vilevile, ingepita mikononi mwetu bila kuulizwa.

Skripti iliona mwinuko kwa sababu kijana alikuwa makini katika jambo jingine. Kila umbo katika Blender huhifadhi vipeo vyake katika viwianishi vyake lenyewe, na mahali pake, mzunguko wake na ukubwa wake huwekwa kando katika jedwali la namba linaloitwa `matrix_world`. Mtu akiuliza ujazo wa vipeo vitupu bila kupitia jedwali hilo, umbo lililochorwa kwa sentimita na kupunguzwa mara mia litampa ujazo uliozidi mara milioni moja. Kijana alilijua hilo, kwa hiyo aliamuru vipeo vyote vibadilishwe kwa `matrix_world` kabla ya kupima. Hatua hiyo ni sahihi, nasi tuliibakiza.

Tulikifunga kitako, tukaongeza katika skripti sharti la kwanza kabisa: kila ukingo uulizwe unagusa nyuso ngapi, na kama upo hata mmoja usiogusa nyuso mbili barabara, skripti ikatae kutoa ujazo na badala yake itaje kingo hizo. Ukuta wa awali ungetaja kingo 4. Tangu hapo ujazo ulisimama kwenye 11.52 popote tulipoupeleka ukuta.

Hapo ndipo tatizo la pili lilipojitokeza, na lilitoka kwenye swali tofauti kabisa. Mhandisi alikuwa ameomba unene wa ukuta katika nukta kadhaa. Kwa swali hilo skripti hurusha mwale kutoka upande mmoja, ukaingia ukutani na kutokea upande wa pili, kisha hupima umbali kati ya nukta hizo mbili. Majibu yalirudi na unene wa sentimita 50 katika nukta nyingi, na sentimita 30 katika nyingine. Sentimita 30 ndizo zinazobaki nyuma ya kidaka chenye kina cha 20, kwa hiyo miale iliziona zidaka. Lakini ujazo wa 11.52 ni ujazo wa mche mzima, wa ukuta usiochimbwa wala kutobolewa mlango. Maswali mawili, yaliyoulizwa ndani ya skripti moja kuhusu kitu kimoja, yalikuwa yanazungumzia kuta mbili.

Sababu iko katika namna modeli ilivyojengwa. Mlango na zidaka havikuchongwa moja kwa moja katika ngozi ya ukuta. Kijana alitengeneza vipande vya kukatia, akavifunga kwenye ukuta kwa modifaya ya kutoa, yaani amri inayoondoa umbo moja ndani ya jingine bila kuligusa umbo la asili, ili kidaka kiweze kusogezwa baadaye bila kuharibu kitu. Jicho huona ukuta uliokatwa, kwa sababu programu huonyesha matokeo ya modifaya. Lakini umbo la asili, lile linalosomwa kupitia `obj.data`, linabaki kuwa mche wa kwanza. Amri ya `ray_cast` ya umbo huuliza matokeo ya mwisho, ilhali skripti yetu ya ujazo ilikuwa inasoma umbo la asili. Dawa yake ni kuomba umbo lililokwisha kukokotolewa, kwa `evaluated_get` na ule mtandao wa mategemeo ambao programu huutunza, kisha kupima hilo. Tulipofanya hivyo ujazo ulishuka hadi 9.35.

Namba hii tuliihakiki kwa karatasi. Mche mzima ni 11.52. Mlango unatoa 1.10 mara 2.20 mara 0.50, yaani 1.21. Kidaka kimoja kinatoa 0.048, na zidaka 20 zinatoa 0.96. Kinachobaki ni 9.35. Mhandisi angepewa 15.72, angekadiria uzito uliozidi ukweli kwa zaidi ya theluthi mbili, na huenda angeagiza ukuta wa chini uimarishwe kwa nguzo ambazo nyumba ya namna hii haizihitaji, na ambazo zingeuharibu ukumbi wake.

Kuhusu miale kuna jambo dogo la kutaja kwa haraka. `ray_cast` ya umbo hutaka mwanzo wa mwale na mwelekeo wake katika viwianishi vya umbo lenyewe, si vya dunia nzima ya modeli. Mwanzo hugeuzwa kwa kinyume cha `matrix_world`. Mwelekeo nao hugeuzwa kwa sehemu ya mzunguko na ukubwa pekee, kwa kuwa mwelekeo hauna mahali, na ukiongezewa mahali hupinda. Isitoshe, mwale haufai kuanzia juu ya uso wenyewe, kwani unaweza kujigonga hapohapo na kurudisha unene wa sifuri. Sisi tuliuanzisha milimita moja ndani.

Swali la mwashi lilikuwa gumu kuliko la mhandisi, ingawa eneo huonekana rahisi kuliko ujazo. Nyuso zote za ukuta uliokatwa zikijumlishwa hupatikana mita za mraba 61.84, lakini si zote zinazopakwa plasta. Kichwa cha ukuta kinakaliwa na boriti za dari, kitako kimekaa juu ya ukuta wa chini, na ncha mbili zimeungana na kuta nyingine. Kijana aliona kwamba nyuso za kuachwa zinatazama juu, chini, au kwenye ncha, na zile za kupakwa zinatazama ukumbini au chumbani. Akaandika sharti linaloangalia normali, yaani mshale unaoonyesha uso unatazama wapi, na kuchukua nyuso zinazotazama ukumbini na chumbani tu. Jibu lilikuwa 41.24.

Mzee aliitazama namba hiyo kwa muda, kisha akauliza swali ambalo lilikuwa jibu: “Na mashavu ya zidaka, mwanangu, atayapaka nani?” Kila kidaka kina mashavu mawili, sakafu na dari yake. Mashavu hutazama upande wa ncha, sakafu hutazama juu, dari hutazama chini, na sharti la normali lilikuwa limeyatupa yote pamoja na kichwa na kitako. Miimo ya mlango na uso wa chini wa kizingiti cha juu vilitupwa vilevile. Kidaka kimoja kina mita za mraba 0.40 za nyuso hizo, 20 zina 8.00, na mlango una 2.75. Jumla ni 10.75, ambayo ni zaidi ya nusu ya eneo la upande mmoja wa ukuta, na kwa plasta ya unene wa sentimita 2 ni karibu lita 215 za chokaa iliyochanganywa. Waashi hulijua hili kwa mikono yao: kidaka hupunguza mawe lakini huongeza plasta, na plasta ya ndani ya kidaka ndiyo inayokula muda, kwa sababu kona ni nyingi na mwiko hauna nafasi.

Tulirekebisha sharti liulize mambo mawili kwa pamoja, uso unatazama wapi na uko wapi. Uso unaotazama juu huachwa ikiwa tu nukta yake ya katikati iko kwenye kimo cha kichwa cha ukuta. Ukiwa chini ya hapo ni sakafu ya kidaka, na unahesabiwa. Vivyo hivyo kwa kitako na kwa ncha mbili. Ulinganisho wa mahali ulipewa uvumilivu wa milimita moja, kwa kuwa namba za kompyuta hazilingani kila mara hadi tarakimu ya mwisho. Jibu jipya lilikuwa 51.99, na karatasi ilikubali: 41.24 na 2.75 na 8.00.

Tulidhani tumemaliza, hadi mpima ardhi alipoomba modeli iwekwe katika viwianishi vya ramani, ili ikae pamoja na nyumba nyingine za mtaa. Mombasa imo katika ukanda wa 37 Kusini wa UTM, mfumo wa viwianishi vya ramani unaopima kwa mita, na kwa kuwa iko takriban digrii 4 kusini ya ikweta, kiwianishi chake cha kaskazini ni karibu mita milioni 9.55. Blender huhifadhi vipeo kwa namba za biti 32, ambazo zikivuka 8,388,608 haziwezi tena kubeba sehemu ya mita. Huruka kutoka mita moja kamili hadi nyingine. Katika kiwianishi cha mashariki, ambacho kwa Mombasa ni karibu 575,000, hatua ni sentimita 6.25. Ukuta wa sentimita 50 ukipelekwa huko, unene wake katika mwelekeo wa kaskazini huwa ama sifuri ama mita nzima, na kidaka hakibakii na umbo lolote. Kwenye kioo uligeuka mabamba yaliyopandana. Tuliurudisha kwenye kitovu cha nyumba, tukachagua kona moja ya msingi iliyopimwa kuwa nukta ya mwanzo, tukahifadhi viwianishi vyake vya ramani pembeni katika Python, ambayo namba zake ni za biti 64, na kuongeza namba hizo wakati wa kutoa ripoti tu. Yeyote anayepima majengo ya pwani yetu kwa programu ya namna hii atakutana na jambo hili, na ni bora alijue kabla ya kuingiza faili ya mpima ardhi.

Wiki ya kwanza ya kazi, mzee alipokwangua plasta iliyooza, alipima zidaka zote kwa tepu na kutuma majibu. Kumi na sita zilikuwa na kina cha sentimita 20. Nne za safu ya chini, karibu na mlango, zilikuwa na 17. Kijana alisogeza vipande vinne vya kukatia sentimita 3, akaendesha skripti, ikajibu ujazo wa 9.38 na eneo la 51.75. Kabla ya kuzipeleka alikaa na karatasi, akapata 0.0288 za kuongeza kwenye ujazo na 0.24 za kutoa kwenye eneo, akaziandika namba zote mbili chini ya majibu ya programu, akampelekea mzee karatasi hiyohiyo.